Kiti cha Nyuma Katika Tramu Namba 1077

Mwaka jana, katika semina ya historia ya miji, tulikuwa tukijadili reli ya Bububu ya Unguja. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu akanyoosha mkono na kuuliza swali ambalo halikuwamo katika mpango wangu wa somo. "Mwalimu, kwa nini wenzetu vitu vyao vikuukuu wanaviita urithi, na sisi vyetu tunaviita chuma chakavu?" Darasa likacheka. Nami nikatoa jibu ambalo wahadhiri hulitoa wanapobanwa: fedha. Nikasema kuhifadhi ni anasa ya wenye nacho, na kwamba asiye na nauli ya leo hawezi kulilia gari la jana. Jibu lilipokewa vizuri, muda wa kipindi ukaisha, tukatawanyika. Lakini tangu siku ile limenikera, maana nimekuja kutambua kwamba si la kweli.

Nililitambua hilo nikiwa San Francisco, jiji la pwani ya magharibi ya Marekani, nilikokwenda kwa mkutano wa wanahistoria uliochukua siku tatu. Siku ya nne ilikuwa yangu mwenyewe, na niliitumia yote kupanda na kushuka tramu.

Kwa wasiolizoea neno hili, tramu ni gari la abiria linalotembea juu ya reli zilizozamishwa katikati ya barabara, likivuta umeme kutoka kwenye waya uliotandazwa juu yake kwa mlingoti mwembamba. Jiji hilo lina njia moja ya tramu iitwayo F. Huanzia Castro, hushuka Barabara ya Market kati ya maghorofa ya mabenki, kisha hupinda kando ya maji hadi Fisherman's Wharf, iliyokuwa bandari ya wavuvi. Magari yanayopita humo ni makongwe. Mengi yalitengenezwa katikati ya miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mengine yametoka Milan, Italia, nayo ni ya mwaka 1928. Na yapo machache ya zamani zaidi, yanayotolewa kwa siku maalumu. Kila gari limepakwa rangi za jiji fulani lililokuwa na tramu zamani: Boston, Philadelphia, Chicago, Kansas City, Los Angeles. Ukisimama kituoni kwa nusu saa unaliona bara zima likipita mbele yako, gari moja baada ya jingine.

Msomaji atadhani ninazungumzia makumbusho. Sivyo. Nauli ya njia F ni ileile ya basi la kawaida la jiji, na tiketi ya mwezi ya mfanyakazi hutumika humo kama inavyotumika kwingine. Asubuhi ile nilikaa mkabala na muuguzi aliyekuwa akisinzia baada ya zamu ya usiku, na nyuma yetu walikuwapo wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakinakiliana kazi ya nyumbani. Watalii walikuwamo pia, na kamera zao. Lakini gari halikuwa lao.

Ili kuelewa kwa nini magari haya yapo hata leo, inatubidi turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita usafiri wa San Francisco ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa kampuni binafsi iitwayo United Railroads. Aprili 18, 1906 tetemeko la ardhi lililofuatwa na moto liliteketeza sehemu kubwa ya jiji. Majivu yakiwa bado ya moto, kampuni ilipata kibali cha kutandaza nyaya za umeme juu ya barabara kuu, jambo ambalo wakazi wengi walikuwa wakilipinga kwa miaka. Wapelelezi walikuja kubaini kwamba dola 200,000 zilipita mikononi mwa Abe Ruef, mwanasheria aliyekuwa nguvu iliyojificha nyuma ya meya Eugene Schmitz, na sehemu ya fedha hizo ikawafikia madiwani. Ruef alifungwa jela. Patrick Calhoun, rais wa kampuni, hakufungwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sina haja ya kulifafanua hilo zaidi. Mwaka uliofuata madereva na makondakta waligoma. Mgomo ukageuka wa damu, kampuni ikaleta watu wa kuuvunja, na ukavunjika.

Ni katika hali hiyo wazo la usafiri kuwa mali ya umma lilipata nguvu. Wapiga kura, mwaka 1909, waliidhinisha hati fungani ili jiji lijenge tramu zake lenyewe katika Barabara ya Geary. Desemba 28, 1912, mbele ya umati mkubwa, meya James Rolph alilipa nauli ya senti 5 na kuliendesha gari Namba 1. Alisema, kwa maana, kwamba njia ile ni ya wananchi, imejengwa na wananchi kwa fedha za wananchi. Maneno ya wanasiasa kwenye uzinduzi tunayafahamu sote. Lakini safari hii yalikuwa sahihi kisheria. Lilikuwa jiji kubwa la kwanza la Marekani kumiliki na kuendesha tramu zake. Kwa miaka mingi baadaye sehemu ya chini ya Barabara ya Market ilikuwa na reli nne sambamba, mbili za kampuni na mbili za jiji, na magari ya pande zote mbili yakifukuzana kugombea abiria kwa kelele iliyosikika mitaa ya jirani. Ushindani huo ulikwisha mwaka 1944, jiji lilipoinunua kampuni, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa ikiitwa Market Street Railway.

Na hapa ndipo jibu langu la semina linapoporomoka. Miaka michache baada ya jiji kuzimiliki tramu zote, lilianza kuziua, na halikuziua kwa sababu ya umaskini. Marekani ilikuwa imetoka vitani ikiwa nchi tajiri kuliko zote duniani. Mabasi yalikuwapo, lami ilikuwapo, petroli ilikuwa rahisi, na kila familia iliahidiwa gari lake. Njia moja baada ya nyingine ikafungwa, na magari mengi yakakatwakatwa yakauzwa. Kwa maneno ya mwanafunzi wangu, yalikuwa chuma chakavu. Hata njia ya Geary, ile ya wananchi, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1956. Njia tano tu ndizo zilizobaki, na zilizobaki hazikuokolewa na mtu aliyependa urithi. Ziliokolewa na milima: zilipita katika mahandaki na mapito yake zenyewe, mahali ambapo basi lisingeweza kuzirithi kwa urahisi.

Wanaharakati wanaosoma ukurasa huu watataka nitaje General Motors, nami nitaitaja. Ni kweli kwamba kampuni iitwayo National City Lines, ikiungwa mkono kwa mtaji na General Motors, Firestone, Standard Oil ya California na wengine, ilinunua mifumo ya usafiri katika miji mingi, na kwamba mwaka 1949 mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani kwa njama ya kuhodhi biashara ya kuziuzia kampuni hizo mabasi na vifaa. Adhabu ilikuwa faini ya dola 5,000 kwa kila kampuni, na dola 1 kwa kila mkurugenzi aliyehukumiwa. Dola moja! Ng'ambo ya ghuba, huko Oakland, kampuni hiyo ilizimiliki treni za Key System, na mwaka 1958 treni ya mwisho ilivuka daraja la ghuba. Lakini San Francisco yenyewe haikununuliwa na mtu. Iliziondoa tramu kwa maamuzi ya viongozi iliowachagua, mbele ya kila mtu, mchana kweupe. Tunapenda hadithi za njama kwa sababu hututoa lawamani. Mara nyingi zaidi mali ya umma hufa kwa kikao halali chenye muhtasari uliotiwa saini.

Mtu wa kwanza aliyefaulu kukizuia kikao cha namna hiyo hakuwa mwanahistoria wala mhandisi. Mwaka 1947 meya Roger Lapham alitangaza kwamba magari ya kebo, yale yanayovutwa kupanda vilima kwa waya mnene uzungukao chini ya barabara, yamepitwa na wakati na yaondolewe. Friedel Klussmann, mama aliyekuwa akijulikana kwa shughuli za upandaji miti na usafi wa jiji, aliwakusanya wanawake wa vyama mbalimbali wakaunda kamati, wakatafuta saini, wakaifikisha hoja kwenye kura ya Novemba mwaka huohuo. Kura 166,989 zilisema magari yabaki; 51,457 zilisema yaondoke. Meya alikuwa na hesabu za gharama, nazo hazikuwa za uongo. Kina mama nao walikuwa na hesabu zao.

Tramu hazikuwa na Klussmann wao. Zilisubiri hadi mwaka 1982, njia zile tano zilipohamishiwa chini ya ardhi kwa magari mapya, na reli za juu katika Barabara ya Market zikaachwa wazi. Mwaka huohuo magari ya kebo yalisimamishwa kwa ukarabati uliochukua karibu miaka miwili. Wafanyabiashara wakaingiwa na hofu ya kupoteza watalii, na chama chao, kwa kuungwa mkono na meya Dianne Feinstein, kikaandaa tamasha la tramu kongwe kwa majira ya joto ya 1983. Magari yakakusanywa kutoka pembe mbalimbali za dunia: Milan, Melbourne, Blackpool. Nia ilikuwa biashara, na sioni aibu kulisema hilo katika ukurasa ambao mara nyingi hauisifu biashara. Jambo lisilotazamiwa ni kwamba wakazi walianza kuzipanda kwenda kazini. Tamasha likarudiwa kila mwaka hadi 1987, na huduma iliyokusudiwa kuwa ya msimu mmoja ikawa hoja ya kudumu. Septemba 1, 1995 njia F ilifunguliwa. Tetemeko la 1989 lilikuwa limeiharibu barabara kuu ya ghorofa iliyokuwa imelitenga jiji na bahari yake. Barabara hiyo ikabomolewa, na mwaka 2000 tramu zikafika Fisherman's Wharf kwa kupita pale ilipokuwa.

Jambo moja hunichekesha. Jumuiya ya watu wanaojitolea kusaidia kuzitunza tramu hizi inaitwa Market Street Railway. Ni jina la ile kampuni binafsi ambayo jiji lilishindana nayo kwa miaka zaidi ya thelathini na hatimaye kuinunua. Aliyeshindwa akafufuliwa kama rafiki wa mshindi.

Na kuna magari ya Milan, ambayo naomba nikae nayo kidogo. Ndani yana mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya vizazi vinne, na taa zenye vifuniko vya kioo kama za sebule ya bibi. Umbo lake linaitwa Peter Witt, kwa jina la mtumishi wa umma wa Cleveland aliyesimamia tramu za jiji hilo zaidi ya karne moja iliyopita. Witt alikuwa mkereketwa wa siasa za mageuzi, mtu wa ulimi mkali, na tatizo lililomsumbua lilikuwa dogo: abiria walipoteza muda mrefu mlangoni wakilipa nauli huku gari limesimama. Akabuni gari ambalo abiria huingilia mbele, na kondakta huketi katikati, jirani na mlango wa kutokea. Unalipa gari likiwa tayari linatembea, ama unapopita kwenda nyuma ama unaposhuka. Ubunifu huo ukasambaa Amerika, ukavuka hadi Milan, na Milan ikaunda magari kama 500. Miaka 70 baadaye, mwaka 1998, San Francisco ilinunua 10 kati ya hayo na kuyarudisha Marekani, ambako magari ya aina hiyo yalikuwa yameshakatwa karibu yote. Milan ilikuwa nayo ya kuuza kwa sababu ndogo sana: haikuacha kuyatumia. Italia baada ya vita ilikuwa maskini kuliko Marekani kwa mbali. Maskini ndiye aliyehifadhi, na tajiri akaja kununua kwake.

Nilikuwa nimefurahia mno kulipata jibu hilo la kumpelekea mwanafunzi wangu, na huenda ningerudi nyumbani nalo lilivyo. Kisha likaja gari Namba 1077.

Gari hili limepakwa rangi za Birmingham, Alabama. Ni zuri. Mtalii mmoja alilipiga picha tatu kabla halijasimama. Nilipanda, nikalipa, na kwa mazoea ya mtu apendaye kuona gari zima nikaenda kuketi kiti cha nyuma. Tulipita kituo kimoja ndipo nikatambua nilipokuwa nimeketi, na kwenye gari la jiji gani.

Birmingham ya tramu ilikuwa jiji la ubaguzi wa rangi kwa sheria. Wazungu walikaa mbele, weusi nyuma, na kati yao palikuwa na ubao uliohamishika, ambao mwendeshaji wa gari aliusogeza kadiri wazungu walivyoongezeka. Mwanahistoria Robin D. G. Kelley, katika kitabu chake Race Rebels cha mwaka 1994, ameonyesha kwa ushahidi wa taarifa za wakati ule jinsi abiria weusi wa Birmingham, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, walivyopigana vita vidogovidogo vya kila siku ndani ya magari hayo: kukataa kuhama, kujibu matusi, kuusogeza ubao wenyewe, kudai chenji yao. Hawakuwa na chama wala kiongozi. Walikuwa wafanyakazi wa ndani, vijana na askari waliochoka, nao wengi wao hawamo katika orodha yoyote ya mashujaa. Jiji lilifunga tramu zake mwaka 1953.

Ndani ya magari ya njia F huwekwa maelezo mafupi kuhusu jiji ambalo gari limevaa rangi zake, na hilo ni jambo jema. Lakini rangi huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, maelezo husomwa na aliyeingia tu, na kati ya walioingia wengi hutazama dirishani. Gari limerithiwa zima, na breki zake na kengele yake. Ubao haukurithiwa, wala hakuna atakayetamani urudi. Hapo ndipo mwanahistoria anapokuwa na kazi. Kitu kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kuficha kuliko kitu kilichopotea, kwa sababu aliyekiona hudhani ameshaiona historia yake.

Msomaji asidhani kwamba aibu hii ni ya Alabama peke yake. Katika mitaa ileile ya San Francisco, mwaka 1863, tramu zikiwa bado zinavutwa na farasi, binti mweusi aitwaye Charlotte Brown alipanda gari la kampuni ya Omnibus akienda kwa daktari. Kondakta alimwamuru ashuke. Akakataa, akashushwa kwa mkono. Alikwenda mahakamani akiungwa mkono na baba yake, na baada ya rufaa akapewa fidia ya senti 5, yaani nauli ya safari moja. Akashushwa tena, akashtaki tena. Mwaka 1864 jaji Orville Pratt aliamua kwamba kampuni haina haki ya kumkataa abiria kwa sababu ya rangi yake, na mwanzoni mwa 1865 wazee wa baraza walimpa fidia ya dola 500. Hiyo ni miaka 90 kabla ya Rosa Parks. Mary Ellen Pleasant, mfanyabiashara mweusi aliyekuwa na mali na ushawishi, alishtaki kampuni nyingine mwaka 1866. Akashinda, lakini mwaka 1868 mahakama kuu ya jimbo ikaifuta fidia yake. Nauli wote wawili walikuwa nayo. Senti 5 za Pleasant hazikuwa tofauti na senti 5 za mtu mwingine.

Wala umiliki wa umma, ambao nimeusifu hapo juu, haukuitatua shida hii wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Audley Cole, mtu mweusi, alifaulu mtihani wa utumishi wa jiji na kupangiwa kazi ya kuendesha tramu za umma, zile za wananchi. Madereva wazungu walikataa kumfundisha, na chama chao cha wafanyakazi kikasimama upande wao. Tafakari hilo, ewe mwanaharakati, kabla hujalitumia neno "umma" katika kauli yako ijayo. Cole hakuondoka, alivumilia mpaka akafundishwa, akaendesha. Wakati wa vita hivyohivyo msichana wa miaka 16 alikwenda kuketi siku baada ya siku katika ofisi ya Market Street Railway, kampuni ile binafsi, akiomba fomu ya kazi ambayo makarani hawakutaka kumpa. Hatimaye walichoka kabla yake. Akawa kondakta mweusi wa kwanza wa kike katika tramu za jiji hilo. Jina lake Maya Angelou. Mengine aliyoyafanya dunia inayajua.

Na haki hazikuisha kudaiwa na rangi. Tramu ya 1928 au ya 1948 ina ngazi. Mwenye kiti cha magurudumu haipandi. Wapenda mambo ya kale wangeweza kusema kwamba ndivyo zilivyoundwa, na ngazi ni sehemu ya urithi. Lakini San Francisco ndilo jiji ambalo mwaka 1977 watu wenye ulemavu walilikalia jengo la serikali ya shirikisho kwa zaidi ya siku 20, wakidai kanuni za kuwalinda zitiwe saini, na zikatiwa. Sheria pana zaidi ilifuata mwaka 1990, miaka mitano kabla ya njia F kufunguliwa. Hivyo kwenye vituo muhimu vya njia hiyo kuna jukwaa dogo la zege lenye mteremko. Gari husimama mlango ukielekea jukwaa, dereva huteremsha kibati cha kuunganisha, abiria akaingia na kiti chake. Niliiona kazi hiyo ikifanyika mara moja. Ilichukua kama dakika mbili. Nyuma yetu basi lilipiga honi, na dereva wetu, mama wa makamo, hakugeuza hata shingo. Jukwaa lile si la 1948, na katika picha za watalii linaharibu mandhari. Kwangu lilikuwa sehemu ya historia kamili kuliko rangi zote.

Niliporudi nilianza kipindi kwa kuliondoa jibu langu la awali. Niliwaambia kwamba fedha ndizo zilizoziua tramu za San Francisco, na kwamba kilichoziokoa ni mambo mawili: zilikuwa mali ya jiji, na watu walizipanda. Kisha nikawasimulia kiti cha nyuma. Yule mwanafunzi hakuridhika, nami nilifurahi kwamba hakuridhika. Aliuliza: kama gari bila ugomvi wake ni nusu ya historia, je, ugomvi bila gari?

Swali hilo linatuhusu sisi, maana ndiyo hali tuliyonayo. Reli ya Bububu ilijengwa na Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, ikaanza kazi mwaka 1905. Ilitoka karibu na Ngome Kongwe, ikapita katika mitaa myembamba ya mji hadi kijiji cha Bububu, mwendo wa kilomita kama 11. Serikali iliinunua mwaka 1911. Katika miaka ya 1920 abiria wakahamia kwenye motokaa, na reli ikafa. Watu husema kwamba kijiji kilipata jina lake kutokana na mlio wa treni; sivyo, kwa sababu Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, anakitaja kijiji hicho kwa jina hilohilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, treni ikiwa bado haijafika. Mombasa nayo ilikuwa na vigari vidogo vya reli, na picha zake zimebaki kwenye kadi za posta: ofisa mwenye kofia ameketi chini ya kivuli cha turubai, na nyuma yake Waafrika wawili wanasukuma. Hatuna gari hata moja la kupaka rangi. Tunazo kadi, na katika kadi hizo majina ya wanaosukuma hayakuandikwa.

Juma lililopita mwanafunzi huyo alikuja ofisini kwangu kuomba barua ya utambulisho kwenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Amebadili mada ya tasnifu yake. Anataka kutafuta vitabu vya malipo ya vibarua walioitandaza reli ya Bububu: majina, siku walizofanya kazi, na walicholipwa. Nilimtahadharisha kwamba huenda asivikute. Akasema hilo analijua. Barua nimeiandika, nimeitia saini, na Jumatatu anapanda boti.